Mashine ya hatua saba, chujio la kauri na chumvi nusu kijiko

Muuzaji alikuja na mkoba, bilauri mbili na kidude chenye vijiti vinne vya metali vilivyoning'inia kama miguu ya mbu. Bilauri ya kwanza aliijaza maji ya bomba letu, mimi nikiona, jikoni kwangu. Ya pili akaijaza maji ya chupa aliyokuja nayo, akasema yametoka kwenye mashine yake. Akatumbukiza vijiti, akachomeka waya ukutani, akaniambia, "Mama, tazama unachowanywesha watoto." Haikupita dakika, maji ya bomba yakaanza kugeuka: kwanza manjano, halafu kijani kilichochoka, mwishowe kahawia yenye mapande yanayoelea kama majani yaliyooza. Bilauri yake ikabaki safi. Mume wangu, ambaye huuliza maswali matatu kabla ya kununua balbu, alinyamaza. Tukanunua.

Niliishi na mashine ile mwaka mmoja na miezi minne. Sasa ni mwaka wa pili natumia chujio la kauri, na mashine haiko kwangu tena, ingawa iko hai na inafanya kazi yake vizuri kuliko ilivyowahi kuifanya kwangu. Nitafika huko.

Nisiidhulumu: imetengenezwa vizuri. Ni ya osmosisi ya kinyume, mafundi wanaikatiza RO. Moyo wake ni utando uliovingirishwa kama mkeka ndani ya neli, wenye upenyo mdogo kiasi kwamba hata chumvi iliyokwisha kuyeyuka hubaki nyuma. Maji husukumwa kwa presha yapite, na yale yaliyobaki na uchafu huoshwa kuelekea kwenye bomba la maji taka. Kabla ya utando kuna katriji ya nyuzi za plastiki ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) inayokamata mchanga na kutu, kisha mbili za mkaa. Mkaa huo haukuwekwa kwa ajili ya ladha tu: klorini huula utando, kwa hiyo lazima inaswe kabla haijaufikia. Hapo umeshahesabu hatua nne. Ya tano ni mkaa tena, wa kuondoa harufu ya tangi dogo la akiba. Ya sita na ya saba kazi yake ni kurudisha madini yaliyoondolewa na ya nne. Nilipolielewa hilo nilimwuliza fundi kwa nini tusingeyaacha madini yakae yalipokuwa tangu mwanzo. Akacheka cheko la mtu anayeishi kwa kuuza katriji.

Kero za kila siku hazikunisumbua mapema. Usiku uliisikia ikinong'ona chini ya sinki, ukazoea. Kilichonishtua ni maji inayomwaga. Siku moja nilichomoa paipu ya taka nikaiingiza kwenye ndoo ya lita 20, nikaweka jagi la lita 5 upande wa maji safi, nikaendelea na kazi zangu. Jagi lilipojaa, ndoo ilikuwa imefika shingoni. Lita nne zinakwenda mferejini ili ninywe moja! Fundi akaniambia ni kawaida kwa presha ya bomba letu, ambayo ni ya kusuasua. Mashine hizi zinataka presha ya takriban baa 3, na zikikosa, hutengeneza kidogo na kumwaga kingi. Kuna za kisasa zenye pampu ambazo hazimwagi kiasi hicho. Yangu haikuwa mojawapo.

Halafu katriji. Katriji za inchi 10 ni kitu cha kawaida, zinaingia kwenye makopo ya watengenezaji wengi na unaweza kulinganisha bei. Zangu zilikuwa na jino dogo la plastiki shingoni, jino ambalo halina kazi yoyote majini ila kuhakikisha kwamba ya mwingine haiingii. Za mwaka mmoja, pamoja na utando, zilikaribia nusu ya bei ya mashine nzima. Ukitaka kuchagua chujio la nyumbani, uliza bei ya katriji za miaka mitatu kabla hujauliza bei ya chujio lenyewe. Muuzaji akisitasita, umeshajibiwa.

Ukweli kuhusu zile bilauri nimeupata kwa mwanangu, si kwangu. Muuzaji alituachia kidude chake kama zawadi, na mwanangu mkubwa, aliyekuwa ameanza kusoma elektrolisisi katika kemia, akakitazama siku moja kwa jicho la mashaka. Akauliza, "Mama, ukitia chumvi kwenye yale maji safi?" Tukajaza bilauri maji ya mashine, hatua zote saba, tukatia chumvi nusu kijiko, tukakoroga. (Msijaribu haya, umeme wa ukutani na maji si mchezo, na kile kidude hakikuwa hata na swichi.) Maji yakawa machafu kuliko ya bomba yalivyowahi kuwa. Mapande ya kahawia, povu, kila kitu.

Uchafu ule ulitoka kwenye vijiti. Viwili vilikuwa vya chuma na viwili vya alumini. Umeme ukipita, chuma hulika na kugeuka kutu inayoelea, na umeme hupita vizuri zaidi maji yakiwa na madini au chumvi ndani yake. Maji ya RO hayana cha kuupitisha, basi vijiti vinatulia na bilauri inabaki nzuri. Tulivipangusa vijiti tukavilinganisha: vya alumini vilikuwa vizima, vile vya chuma vimechongoka kama njiti za kiberiti. Siku ile nilicheka. Hasira zilinijia usiku, nimelala.

Jambo hilohilo liko kwenye kile kipimo kidogo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kinachofanana na kalamu, ambacho kila muuzaji anacho mfukoni. Bomba letu lilisoma miligramu 140 kwa lita, mashine 9, na muuzaji akazitaja namba hizo kama daktari anayesoma majibu mabaya. Kalamu ile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ikakadiria madini yaliyoyeyuka. Basi. Haioni bakteria hata mmoja. Haiwezi kutofautisha kalisi na kitu kibaya. Maji yenye 140 ni maji ya kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 hivi ladha huhesabiwa nzuri, na ni baada ya 1,000 ndipo watu wengi huanza kukunja uso. Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya kinyesi cha ndege yanaweza kusoma 20.

Hapo ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kabla ya kumfungulia muuzaji mlango. Nilipeleka maji maabara. Walinipa chupa zilizochemshwa zenye tone la dawa ya kuua klorini ndani, wakanionya nisizisuuze, nizijaze, nizitie kwenye barafu na nizirudishe siku hiyohiyo. Nilichukua sampuli tatu: kwenye bomba linaloingia uwanjani, kabla maji hayajapanda kwenye tangi la juu, kwenye koki ya jikoni, yakiwa yameshapita tangini, na kwenye mashine.

Ya uwanjani ilikuwa na klorini miligramu 0.4 kwa lita, haina E. coli (bakteria wa kinyesi), floraidi na naitreti viko chini sana ya viwango. Ya jikoni haikuwa na klorini hata kidogo, na ilikuwa na E. coli. Ya mashine haikuwa na E. coli, ila ilikuwa na bakteria wengine wengi, wale wa kawaida wanaojijengea makazi kwenye mkaa na kwenye tangi la akiba maji yakikaa. Yule dada wa maabara alinisomea karatasi, akaniuliza swali moja tu: "Tangi lenu mlilifungua lini?"

Hatukuwahi. Mume wangu alipanda na tochi. Mfuniko ulikuwa umepasuka upande mmoja, chini kulikuwa na tope la vidole viwili, na juu ya tope mifupa ya mjusi, imelala vizuri kama kwenye picha za vitabu vya shule. Nilikuwa nimenunua mashine ya hatua saba kupambana na mjusi mmoja.

Tulilimwaga tangi, tukalisugua, tukalijaza maji yenye klorini tukayaacha usiku kucha, tukayamwaga, tukasuuza. Mfuniko mpya, wavu wa waya kwenye tundu la kufurikia. Baada ya wiki mbili nikapeleka sampuli nyingine ya jikoni: safi, na klorini kidogo imebaki.

Baada ya hapo swali likawa dogo sana. Sikuhitaji kuondoa madini. Nilihitaji kitu cha kuzuia vijidudu endapo tangi litatuangusha tena, na cha kutoa ile ladha ya klorini ambayo mwanangu mdogo huiita maji ya bwawa la kuogelea.

Nilifikiria taa ya urujuanimno (UV). Inaua vijidudu vizuri, virusi pamoja na wale wakaidi kama Cryptosporidium, ambaye klorini haimshtui, na ndiye aliyewaangusha kwa kuhara watu wanaokadiriwa kufika laki nne mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Lakini inataka umeme, inataka maji maangavu kwa sababu kijidudu hujificha nyuma ya chembe ya tope, na taa yenyewe huchoka bila kukuambia: inaendelea kung'aa ilhali miale yake ya kazi imeshapungua, ndiyo maana hubadilishwa karibu kila mwaka hata kama inawaka. Kwa mtu aliyekaa miaka bila kufungua tangi, nilijijua. Jagi lenye katriji ndani nililitumia miezi mitatu nikisubiri. Kwa ladha ni zuri, na ukisoma maandishi madogo utakuta yameandikwa kwamba ni la maji ambayo tayari ni salama.

Nikachukua kauri. Vyombo viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja juu ya kingine, na ndani ya cha juu mishumaa miwili ya kauri yenye mkaa tumboni. Maji unamwaga juu, yanajivuta yenyewe kupitia ukuta wa kauri, yanapita kwenye mkaa, yanadondoka chini penye koki. Hakuna umeme, hakuna presha, hakuna tone linalokwenda mferejini. Vitundu vya kauri nzuri ni sehemu ya mikroni, na bakteria wa E. coli ana urefu wa mikroni 2 hivi, kwa hiyo hapiti.

Nililifunga mwenyewe na nikakosea. Kila mshumaa una shina lenye uzi linalopita kwenye tundu la chombo, washa ya mpira inakaa ndani, nati unakaza kwa chini. Nilikaza kwa spana, kwa ile imani kwamba kinachokazwa sana hakivuji. Nikajaza chombo cha juu lita 8, nikaenda kufua. Kurudi baada ya dakika arobaini, kimeshuka chote, na mimi, mjinga, nikafurahi: chujio lina kasi! Jioni ndiyo nikafikiri. Mshumaa mmoja hupitisha lita 1, ikizidi sana 2, kwa saa. Miwili haiwezi kumaliza lita 8 kwa dakika arobaini hata kwa dua. Nikafungua, nikakuta washa moja imejikunja upande kwa kukazwa kupita kiasi, imeacha mwanya wa mwezi mwandamo, na maji yalikuwa yanapita hapo pembeni bila kugusa kauri hata kidogo. Nati ya mshumaa hukazwa kwa vidole. Chujio la kauri likianza kwenda haraka, simamisha kunywa.

Kuna jaribio jingine nililofundishwa na fundi mmoja mzee na nimelipenda. Loweka mshumaa hadi ushibe maji, uzamishe kwenye ndoo, kisha puliza kwa mdomo kwenye shina. Mzima hautoi kitu. Wenye ufa hutoa mstari wa mapovu mahali pamoja. Wangu mmoja uliwahi kuanguka kwenye sinki, kwa macho hauna hata alama, kwenye ndoo ukatoa uzi wa mapovu karibu na shingo. Nikautupa.

Kusafisha ni wiki mbili mara moja, au kasi ikipungua: brashi laini, maji baridi, unasugua mpaka weupe unarudi. Sabuni usiitie, inaingia kwenye vitundu na utainywa. Mara ya kwanza nilishangaa jinsi brashi ilivyotoka na ute wa rangi ya udongo kutoka kwenye maji niliyoyaona maangavu. Kila ukisugua kauri inapungua kidogo, na mishumaa yangu ilikuja na pete ya plastiki ya kupimia: siku pete itakapopita bila kugusa, muda umekwisha. Mkaa wa ndani ndio usioonekana. Huo unachoka kimyakimya, basi nimebandika kipande cha utepe kwenye mfuniko chenye tarehe niliyofunga, na miezi sita ikifika nabadilisha hata kama bado natamani kubana matumizi.

Kasoro zake? Ni la polepole. Wageni wakija ghafla, ulichojaza jana ndicho ulicho nacho, na kadiri maji ya juu yanavyopungua ndivyo linavyozidi kujivuta. Koki ya plastiki iliyokuja nalo ilivuja baada ya miezi mitano, nikaweka ya chuma. La muhimu zaidi ni kwamba virusi ni wadogo mno kwa kauri: norovirusi ana sehemu tatu hivi za mia za mikroni, anapita kama kuku kwenye lango la ng'ombe. Klorini ya bomba ndiyo inayotulinda upande huo, na siku tukisikia bomba la maji taka limepasuka jirani, tunachuja kisha tunachemsha. Na chumvi, floraidi, naitreti, hivyo kauri haivigusi kabisa.

Hapo ndipo mashine ilipopata kwake. Dada yangu anatumia maji ya kisima kirefu. Kalamu ya TDS kwake husoma 1,380, na birika lake hufanya ukoko mweupe unaobanduka kama ganda la yai. Nilimlazimisha apeleke maji maabara kabla ya kumpa chochote. Majibu: vijidudu hakuna, floraidi miligramu 3.1 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Nikakumbuka madoa ya kahawia kwenye meno ya mwanawe wa pili, ambayo sote tulidhani ni uvivu wa kupiga mswaki, na mtoto alikuwa amechapwa maneno miaka miwili kwa ajili hiyo. Kwa miaka yote wamekuwa wakichemsha, na kuchemsha hakuondoi floraidi. Mvuke unaondoka, yenyewe inabaki na maji yaliyopungua.

Kwa maji yale kauri yangu ingekuwa pambo. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa na vya alumina vinavyokamata floraidi, ila yeye alikuwa na chumvi pia, na mashine ilikuwa imekaa stoo kwangu. Tukaifungia utando mpya na katriji mpya, fundi akaongeza pampu ya presha. Hatua ya sita na ya saba tumezichomoa. Maji yakatoka na TDS 90 na floraidi 0.2. Maji ya taka hayaendi mferejini: kuna pipa, na pipa hilo linasukuma choo na kuosha baraza. Kwenye mimea hapana, maana ndiyo yenye chumvi yote.

Mkinunua, someni namba kwenye boksi kuliko maneno. NSF/ANSI ni viwango vya Marekani vya kupimia vichujio: alama ya NSF/ANSI 42 inahusu ladha, harufu na klorini. Ya 53 inahusu vitu vinavyodhuru afya, kama madini ya risasi, na hata hapo lazima vitajwe kimoja kimoja. Ya 58 ni ya mashine za RO. Kuna boksi nililoliona limeandikwa "imethibitishwa" kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma ni 42 peke yake. Na "99.9%" isikulaze usingizi: ukianza na bakteria milioni moja, inakuachia elfu moja. Daraja la juu la Shirika la Afya Duniani kwa vichujio vya nyumbani linataka 99.99% kwa bakteria, na 99.999% kwa virusi.

Mwezi uliopita nililala kwa dada yangu. Asubuhi nilikuta amebandika utepe kwenye kopo la katriji ya kwanza, na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kama wangu. Chini ya tarehe mwanawe wa pili alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake: "Si mimi. Ni maji."